Picha Mbili za Shingo ya Bibi

Mguu wa kulia wa bibi ulianza kuburuza mwezi wa pili, mahindi yakiwa yamenifika kifuani. Mwanzo tulimcheka. Nikisema tulimcheka nina maana nilimcheka mimi. Alikuwa akikatiza uani kwenda jikoni, kidole gumba cha mguu kinachora mstari kwenye udongo, nami nikimfuata nyuma na ufagio, naufuta. Nikamwambia mwalimu wetu wa jiometri anatafuta mtu wa kuchora mistari, ila wake umepinda, kazi hapati. Akajibu bila kugeuka kwamba heri mstari uliopinda kuliko ripoti yangu ya shule, ambayo imenyooka kweli, sifuri mwanzo mpaka mwisho.

Pengine wewe unayesoma si wa huku, kwa hiyo nieleze. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Mjukuu wa kike, kama mimi, ni mke mwenza, na mume tunayemgombea ni babu. Babu alikufa nikiwa darasa la pili, lakini kufa hakukuvunja ndoa. Tuliendelea kumgombea vilevile: nani alimpikia ugali usio na madonge, nani alijua kukuna mgongo wake, nani atazikwa upande wake wa kulia. Utani huo una sheria moja tu. Ukirushiwa neno, unalirudisha. Ukinyamaza maana yake umekasirika kweli, na mtu anayekasirikia utani anaonekana hana malezi. Bibi hajawahi kuniacha na neno la mwisho. Msibani, kwenye foleni ya komunyo, akiwa na homa ya kutetemesha kitanda, lazima arudishe.

Mwezi wa nne mguu wa kushoto nao ukaanza. Mwezi wa tano vitu vikawa vinamponyoka mikononi, na mzaha wangu kuhusu vyombo vilivyovunjika haukumchekesha baba hata kidogo. Tukampeleka hospitali ya misheni, Peramiho. Daktari wa misheni akamgonga magoti kwa kinyundo cha mpira, miguu ikaruka kama ya panzi, nikacheka, baba akaniangalia. Daktari akasema miguu yenyewe haina kosa. Tatizo liko shingoni. Kuna kitu kinaukandamiza ule waya mkubwa wa fahamu unaoteremka ndani ya uti wa mgongo, na eksirei ingeonyesha mifupa tu, waya isingeuonyesha. Inatakiwa picha ya MRI, ile mashine ya sumaku, na mashine hiyo ipo Dar es Salaam.

Kisha akasema lile ambalo baba alilirudia njia nzima ya kurudi Songea, akimwambia bibi, akimwambia mama, mwisho akijiambia mwenyewe. Mwezi wa nane kuna bingwa wa upasuaji anakuja kutoka nje, atakaa Dar wiki tatu, na wagonjwa wa namna hii anawachukua. Ila mtu hakatwi shingo kwa kubahatisha. Picha ikiwa safi, ikionyesha kitu kiko wapi, bibi ataingia kwenye orodha. Bila picha, miguu itakwenda kwanza, halafu mikono.

"Bado anatembea," daktari alisema. "Tumuwahi akiwa bado anatembea."

Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka walipopunguzwa. Siku hizo alikuwa anauza spea za baiskeli mtaani kwetu Mfaranyaki, kwenye kibanda kilichopakwa rangi ya kijani, na kila aliyekuja kununua mnyororo alisimuliwa habari za shingo ya mama yake. Likizo ya mwezi wa sita ilipofika akafunga kibanda, tukaondoka na basi la alfajiri, watatu: baba, bibi na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu bibi alikataa kusafiri na mwanamume peke yake, hata kama alimzaa mwenyewe. Nani atampeleka chooni pale basi linaposimama?

Hospitali ilikuwa ya watu binafsi, ya hizo zilizoota mjini tangu serikali iruhusu biashara ya kila kitu. Sakafu ilikuwa inang'aa mpaka bibi akavua kandambili. Mtaalamu wa picha, kijana mwenye koti jeupe na raba, alitueleza kwamba chumbani haingii chuma cha aina yoyote, maana ile sumaku inavuta. Bibi akaanza kuvua chuma chake. Medali ya Bikira Maria. Pini mbili za kwenye kitambaa cha kichwa. Kikuku. Ufunguo wa kabati uliofungwa kwenye pindo la kanga. Sindano ya kushonea iliyochomekwa ndani ya ukosi wa gauni, na uzi wake mweusi bado unaning'inia. Mtaalamu alianza kwa kutabasamu, akaishia kushika kiuno. Nikamuuliza kama sumaku itamuachia angalau meno.

Masharti yalikuwa machache. Alale chali, asitikise kichwa, asiongee, hata mate ameze wakati mashine imenyamaza. Mashine inapiga kelele sana lakini haigusi mtu. Inapiga, inanyamaza kidogo, inapiga tena, kama dakika arobaini hivi. Ndugu mmoja anaruhusiwa kukaa ndani. Bibi akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu. Mke mwenzangu."

Mtaalamu akanitazama, nikiwa na sketi ya shule kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, akamtazama bibi, akaona yasiwe mengi. Akatuziba masikio kwa sponji. Yangu iliingia vizuri. Ya bibi ilikuwa inachungulia nje, kwa sababu alikuwa ameitoa nusu mara tu kijana alipogeuka, akihofia isije ikapotelea kichwani.

Akasukumwa ndani ya lile bomba mpaka zikabaki nyayo. Nami nikakaa kwenye kiti cha plastiki, karibu na nyayo.

Kelele zile siwezi kuzisema vizuri. Mwanzo ni mtu anagonga bati kwa nyundo, mbali. Halafu anasogea. Halafu anakuja na ndugu zake. Halafu inakuwa kengele ya shule iliyokwama, halafu trekta, halafu nyundo tena, lakini sasa nyundo ziko ndani ya meno yako. Nilitazama nyayo za bibi. Zilikuwa zimetulia tuli, kavu, na nyufa zake ninazozijua. Hakuwa anaogopa. Naandika hivyo kwa sababu baadaye kila mtu alisema aliogopa, nami ndiye niliyekuwa namwangalia.

Mashine ikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kizito, kama cha kanisani kabla padri hajaanza. Mimi na kimya hatujawahi kupatana. Nikainama kwenye mdomo wa bomba.

"Mke mwenza, babu yuko mapokezi. Anasema alikuja kukukaribisha kwenye jeneza lake, kumbe umeshapata lako, tena la umeme."

Sekunde mbili hazikupita.

"Mwambie aingie," sauti ikatoka ndani. "Hili lina nafasi ya wawili. Wewe kalale na mende."

Na mashine ikaanza tena, na bibi akaendelea. Sikumsikia maneno, nyundo zilikuwa zimeshika kazi, lakini niliona vidole vya miguu vikipepea kwa kicheko. Alikuwa ananipa yote, ya jeneza, ya mende, na ya siku ile babu alipokataa mboga yangu. Taya linakwenda, shingo inakwenda, na kitu cha kupigwa picha kilikuwa hiyo shingo.

Mtaalamu akasema kwenye spika bibi atulie. Akarudia picha zile. Safari hii sikutamka neno, naapa. Nilikohoa tu. Ila nilikohoa kikohozi cha babu, kile cha kuanzia tumboni, alichokuwa akikitoa asubuhi kabla ya kudai chai. Nyayo zikaanza kutikisika upya.

Tulipotoka, mtaalamu alikuwa amechoka na nje kulikuwa na foleni. Akamwambia baba amejitahidi mara mbili, hizo ndizo zilizopatikana, daktari wetu ataangalia. Mzee anaogopa kelele, akasema, wengi wako hivyo. Baba akamshika bibi bega, akampa pole. Bibi akaipokea pole ile kwa sura ya mtu aliyeteseka, na mimi nikasimama pale na uso wa malaika wa kwenye dirisha la kanisa. Hatukutazamana. Kwenye basi alinibana ubavu kwa kiwiko, mara moja, na nikacheka mpaka Chalinze.

Daktari wa misheni alizibandika picha kwenye kisanduku cha taa. Zilikuwa zimejaa chenga. Unaijua televisheni upepo ukishageuza antena? Basi ndivyo shingo ya bibi ilivyokuwa: vumbi la kijivu juu yake, na uti wa mgongo umejirudiarudia, mmoja, na kivuli chake, na kivuli cha kivuli. Mahali palipotakiwa kuonyesha ule waya palikuwa na ukungu. Daktari akasogeza miwani. Akaeleza kwamba wataalamu vumbi hilo nalo huliita kelele, na kwamba sehemu ndogo husababishwa na mashine yenyewe lakini kubwa kama hii ni mgonjwa amecheza. Akasema huenda kuna uvimbe hapa, huenda ni mfupa, huenda hakuna kitu. Kwa picha hii bingwa hamgusi.

Picha irudiwe. Akaandika barua. Jibu la Dar likaja kupitia simu ya dukani: nafasi ipo, wiki ya kwanza ya mwezi wa nane.

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Wiki saba.

Baba hakuwa mtu wa kukaa wiki saba amekunja mikono. Kama tatizo ni mama kuogopa kelele, basi mama azoeshwe kelele. Na kelele Mfaranyaki ipo. Mtaa wa pili kutoka kwetu palikuwa na mashine ya kusaga ya rafiki yake, waliyepunguzwa naye kazi siku moja. Yeye alinunua mashine ya dizeli, ile inayosikika mpaka barabara kuu. Basi kila Jumatano na Jumamosi bibi alibebwa kwenye baiskeli mpaka mashineni, akalazwa kwenye benchi katikati ya magunia, kanga imefungwa usoni kuzuia pumba. Baba akatafuta tenga la kubebea kuku, akalifunika juu ya kichwa na mabega ya bibi ili azoee kubanwa. Saa mkononi. Anatoa ishara, mwenye mashine anavuta mkanda, na Songea nzima inatetemeka.

Watu waliokuja na madebe yao ya mahindi walitua, wakasimama. Mama mmoja aliuliza kama marehemu anasubiri gari. Mwingine akataka kujua mzee wetu anasagwa dona au sembe. Baba aliwajibu wote kwa upole, akiwaeleza habari za sumaku, kwa kupiga kelele kushinda mashine. Mwisho wa wiki ya pili Mfaranyaki walishajua MRI kuliko wanafunzi wa kidato cha sita.

Na bibi alilala kama gogo. Kwa nini asilale? Ameishi miaka yake karibu na mashine, amelea watoto watano kwenye nyumba ya vyumba viwili, kelele kwake ni hewa. Dakika ishirini, thelathini, arobaini, hata kope haichezi. Likiondolewa tenga anatoka mweupe kwa unga kama maandazi yasiyoiva, na baba anamfuta uso kwa kiganja.

"Safi sana, mama. Hapo hapo. Ukifanya hivyo hivyo Dar, tumemaliza."

Bibi ananitupia jicho juu ya bega lake. Mwanzo nilikuwa nikilirudisha. Wiki ya tatu sikuweza.

Sijui niseme nini kuhusu wiki zile. Sikulia. Sikukosa usingizi. Nilikwenda shule, nikachekesha darasa, nikaiga sauti ya mwalimu wa kemia, nikachapwa, nikarudi. Lakini kulikuwa na kitu kama ganzi, ile ya mguu ukiukalia muda mrefu, unaugusa na unajua ni wako ila haukujibu. Bibi aliacha kwenda jikoni peke yake. Halafu akaacha kusimama bila kushika ukuta. Kufikia katikati ya mwezi wa saba mguu wa kulia ulikuwa umekufa, wa kushoto unafuata, na mama akawa anamgeuza kitandani. Nikawa natazama ule mguu kwenye shuka na kuutaka unipe hisia yoyote. Hakuna. Kichwani mwangu ilikuwepo hesabu moja tu: bibi atakwenda Dar, atalala kama gogo, kelele itapiga, itanyamaza, na mimi nitakuwa kwenye kile kiti cha plastiki.

Maana baba alikuwa ameshaamua. Nimeshaiona mashine, bibi ananizoea, nitakaa ndani tena.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Tulikuwa uani, baba na mimi, tunapukuchua mahindi kwenye mkeka, na bibi yuko ndani kalala. Sikuwa nimepanga.

"Baba, bibi hakuogopa kelele."

Akaendelea kupukuchua.

"Nilimtania. Mashine ilipokuwa imenyamaza. Akawa ananijibu. Mara zote mbili ni mimi."

Gunzi moja likaisha, akalitupa, akachukua jingine. Nilisubiri kofi, ningelipenda, kusema kweli. Akalimaliza na la pili.

"Mara zote mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Na ile mashine ya dizeli? Na tenga?"

Punje zilikuwa zinadondoka moja moja. Akainuka, akajikung'uta, akasema nikamwambie na mama kwa mdomo wangu, kisha akaingia ndani kwa bibi. Sikusikia alichosema. Nilimsikia bibi.

"Nani kamtuma aseme? Yale yalikuwa yetu sisi wawili."

Kumbe naye alikuwa amenifichia. Wiki zote zile alikubali kulala chini ya tenga la kuku ili nisipate matatizo.

Baba akasema siendi. Bibi akasema basi na yeye haendi. Baba ni mtoto wake, hakuwa na ubavu. Wakabishana siku mbili kupitia mama, na mwisho likatoka sharti. Nitakwenda, lakini utani umesimama mpaka picha itoke. Si Dar tu. Kuanzia sasa, tuzoee. Na kwa sababu kwetu hakuna njia ya kusimamisha utani na mtani aliye hai, baba akabuni yake: nitamwamkia kama watoto wa watu wanavyowaamkia bibi zao.

Asubuhi nikaingia na uji.

"Shikamoo, bibi."

Akageuka kuangalia nyuma yake, ukutani, kama kuna mtu mwingine kalala. Nikasimama. Nikarudia. Akasema marahaba kwa sauti anayowapa watu wa sensa.

Ikawa hivyo siku tisa. Shikamoo, bibi. Marahaba. Umeamkaje? Salama. Nikusogezee mto? Haya. Alijaribu kunichokoza mara mbili tatu, akasema nywele zangu zimesukwa na adui, nikamwambia ndiyo, bibi. Nikaona uso wake ukijikunja kidogo pembeni. Nikatoka na bakuli. Mama akasema nimekua. Wageni walitusifu kwa adabu.

Safari ya pili bibi alibebwa, basi lilikuwa na watu wema wakampisha viti viwili. Hospitalini mtaalamu alikuwa yuleyule. Baba akamweleza mbele yangu yote, bila kupunguza. Kijana hakunikaripia. Akasema atatumia vifaa vya kuziba masikio vizuri zaidi, ataweka mito pembeni mwa kichwa, na akanipa kazi: niweke mkono kwenye kifundo cha mguu wa bibi, ili ajue nipo. Na mdomo ufungwe.

Nikaweka mkono. Sikujua kama anausikia. Kwenye mguu ule alikuwa hasikii tena hata akifinywa.

Nyundo zikaja. Na ndugu zake, na kengele, na trekta. Nyayo zimetulia. Ikanyamaza, ikapiga, ikanyamaza, ikapiga. Mara tatu bibi hakutoa hata pumzi ya ziada. Nikaanza kuhesabu vigae vya dari.

Kimya cha nne kilikuwa kirefu. Pengine mtaalamu alikuwa anapanga kitu. Sauti ikatoka bombani, nyembamba, si ya utani.

"Mke mwenza."

Nikauma ulimi.

"Mke mwenza, upo?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye kifundo chake. Nilibana. Nilibana kwa nguvu zangu zote, na nilijua habari hazifiki. Angejua nipo kwa sauti tu, na sauti yangu ndiyo iliyoharibu. Nikinena neno moja, hata ndiyo, atajibu. Namjua. Nikatazama kioo ambacho mtaalamu alikuwa nyuma yake, sikuona mtu, niliona sketi yangu.

Hakuita tena. Mashine ikapiga kwa muda mrefu kuliko zote.

Alipotolewa, alikuwa anatazama juu. Machozi yalikuwa yamepita pembeni yakaingia masikioni, chini ya sponji, kwa sababu mtu aliyekatazwa kutikisika hajifuti. Mtaalamu akampongeza. Nikataka kumwambia kitu lakini sikukumbuka ni shikamoo au ni nini tunachosema.

Picha ilikuwa safi. Bingwa aliitazama siku mbili baadaye, baba na mimi tukiwa tumesimama nyuma yake, na daktari kijana akatutafsiria. Hata mimi niliona. Waya wenyewe unashuka vizuri, mweupe kidogo, una mpaka, halafu katikati ya shingo kuna kitu cha duara, ukubwa wa punje ya karanga, na waya umekonda kuzunguka hapo kama njia iliyokwepa jiwe. Hakuna chenga. Ungeweza kuweka kidole. Bingwa akasema atakitoa, ni uvimbe usio mbaya, mikono itapona. Akauliza miguu imeacha kufanya kazi lini.

Baba akamwambia.

Akauliza mwezi wa sita ilikuwaje.

"Alikuwa anatembea," baba akasema. "Kwa kuburuza."

Kisha baba akauliza swali, na aliuliza akiwa anaitazama picha, si mimi. Kwamba je, kama hii ingepatikana ile mara ya kwanza. Daktari kijana alitafsiri. Bingwa akasema yeye mwenyewe asingekuwepo kabla ya mwezi huu, kwa hiyo kusubiri kungekuwepo vyovyote. Ila picha ile ingekuwa safi wangejua ni jambo la haraka, na yupo daktari mmoja hapa nchini ambaye pengine angelifanya mapema. Pengine. Akalirudia hilo neno, na daktari kijana akalirudia naye, kwa hiyo nililisikia mara nne, kwa lugha mbili.

Baba akaitikia kwa kichwa. Hajalizungumza tena na mimi mpaka leo ninapoandika, nikiwa kidato cha nne.

Walimpasua Alhamisi. Mikono ilirudi, wiki ya tatu alikuwa anashika kijiko, wiki ya sita ananifinya. Miguu haikurudi. Utani ulirudi, naye ndiye aliyeuanzisha, wodini, mbele ya wauguzi, akidai mimi ndiye niliyemroga shingo ili nimpate mume peke yangu. Wodi nzima ilicheka. Nikarudisha neno, sikumbuki lipi. Najibu kila siku. Wanasema sijabadilika.

Misheni walitupa kiti cha magurudumu. Uani kwetu ni mchanga, magurudumu yanazama, kwa hiyo niliomba mbao za maboksi ya spea kibandani kwa baba, nikazitandika kutoka mlango wa chumba cha bibi mpaka jikoni, na kutoka jikoni mpaka chooni. Mvua ikinyesha zinaelea, nazipanga upya kabla ya shule. Kipande cha kwenda chooni ndicho kigumu, kina kona, na miguu yake huteleza chini. Hapo inabidi nisimamishe kiti, nizunguke mbele, ninyanyue miguu yake kwa mikono miwili, mmoja kisha mwingine, niiweke sawa, halafu nirudi nyuma kusukuma.